Fuwele Iliyoshikwa na Baridi

Saa mbili na dakika tano asubuhi, mzee mmoja aliingia kituo cha polisi akiwa amefunga vifungo vya shati kombo, daftari nene kwapani. Sajenti wa zamu alivuta kitabu cha taarifa, akachomoa kalamu.

"Umeibiwa nini, mzee wangu?"

"Sijaibiwa kitu. Rafiki yangu hayuko kwake."

"Yuko wapi?"

"Ningekuwa najua, ningekuja kwako?"

Inspekta alikuwa akipita koridoni na kikombe chake cha chai. Alikuwa na miezi minne tu katika kituo kile, lakini alimtazama yule mzee mara moja, akatazama vifungo vya shati, akafungua mlango wa ofisi yake kwa kiwiko.

"Karibu huku, baba. Sajenti, njoo na karatasi."

Mzee alikaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa ametengeneza redio kwa miaka arobaini, na mji mzima ulimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine wote bado walikuwa wanajifunza. Rafiki yake alifanya kazi ofisi ya vipimo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na mkoba, kukagua mizani ya maduka na vipimajoto vya viwanda, na kwa sababu hiyo watu walimwita Kipimo. Alifiwa na mkewe miaka mitano iliyopita, akabaki peke yake ndani ya nyumba.

"Mara ya mwisho kuongea naye ni lini?" Inspekta aliuliza.

"Miaka miwili na miezi mitatu."

Sajenti alikohoa ili asicheke.

"Mligombana?"

"Alisema kipimajoto changu kinadanganya kwa nusu digrii."

"Na kinadanganya?"

"Cha kwake ndicho kinachodanganya."

Inspekta aliweka kikombe mezani. "Baba, kama hamjaongea miaka miwili, umejuaje leo kwamba hayuko kwake?"

Fundi alifungua daftari. Kurasa zote zilijaa tarehe na namba, zimepangwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Alieleza kwamba baada ya mazishi ya mke wa Kipimo, alimtengenezea rafiki yake kengele ya redio, kidude cha kuning'iniza shingoni, ili akizidiwa akiwa peke yake abonyeze na Fundi asikie. Haikuwa na sauti ya mtu wala haikupokea. Ilitoa mlio tu. Walikubaliana kwamba kila siku saa moja asubuhi, Kipimo akiamka, aibonyeze mara moja ikiwa bado imetundikwa kichwani mwa kitanda. Maana yake: nimeamka, niko hai.

"Tulipogombana nikasema basi, kesho habonyezi," alisema Fundi. "Saa moja kamili akabonyeza, mkaidi yule. Hajawahi kukosa hata siku moja. Na mimi sijawahi kukosa kuandika."

"Leo hakubonyeza?"

"Leo nilipowasha mashine, saa moja kasoro dakika kumi, nilikuta tayari analia. Analia sekunde thelathini, ananyamaza, analia tena. Nimekwenda kwake, mlango una kufuli kwa nje. Na angalia namba."

Aliweka kidole kwenye mstari wa jana. Masafa ya kengele, kwa tarakimu za mwisho, yalikuwa 9120. Juzi 9118. Siku ya kabla ya juzi 9121. Leo 8650.

"Ndani ya kengele kuna fuwele," alisema. "Kipande chembamba cha jiwe mfano wa kioo. Ukiipa umeme inatetemeka, na mtetemo wake ndio unaoshika masafa yasiyumbe. Lakini jiwe nalo husikia joto na baridi kama mimi na wewe. Hii niliichonga kwa mkono wangu, itulie kwenye digrii ishirini na tano, joto la chumba chake asubuhi. Hapo ndipo inapokuwa juu kabisa. Sasa imeshuka hezi mia nne na sabini. Mahali alipo pamepishana na chumba chake kwa digrii ishirini na moja."

"Kwa hiyo yuko kwenye joto."

"Au baridi." Fundi alichora kilima kwenye ukingo wa karatasi ya Sajenti. "Kileleni ni ishirini na tano. Ukiteremka upande huu, joto, masafa yanashuka. Ukiteremka upande ule, baridi, yanashuka vilevile. Ni digrii arobaini na sita au ni nne. Namba peke yake hainiambii ni upande upi."

Inspekta alitazama kile kilima. Kisha alimtuma Sajenti kwenye simu.

Majibu yalirudi baada ya robo saa. Mkuu wa ofisi ya vipimo hakuwa na wasiwasi wowote. Jana saa moja na nusu jioni alipokea ujumbe kutoka kwa simu ya Kipimo: *Nimepata dharura. Nimesafiri kwa dada yangu. Nitarudi wiki ijayo.* Simu sasa ilikuwa imezimwa. Jana hiyo Kipimo alikuwa na sehemu nne za kukagua: kiwanda cha mikate, kiwanda cha kufulia nguo za hoteli, ghala la samaki na ghala la mbegu za viazi. Zote nne zilisema alifika, akafanya kazi yake, akaondoka.

"Amesafiri, mkuu," alisema Sajenti. "Kengele inalia ndani ya begi."

"Begi halibonyezi kitufe kwa sekunde thelathini halafu likapumzika," alisema Inspekta. "Nenda kiwanda cha mikate, halafu cha kufulia. Huko ndiko kwenye joto. Ingia kila chumba. Mimi nakwenda na Fundi kusikiliza."

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Juu ya meza, mashine ya kuhesabia masafa iliwaka namba nyekundu. Mkewe alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, kama mtu aliyeachiwa mgonjwa.

"Amelia mara nne tangu utoke," alimwambia mumewe. "Mlio umefifia. Na umeweka nini tena kwenye friji langu?"

"Fuwele."

"Karibu na maziwa?"

"Ni pacha ya ile ya Kipimo, mke wangu. Zimekatwa kutoka jiwe moja. Nataka nione ikifika digrii nne itasoma ngapi."

Mama huyo aliinua mkono, akaushusha. "Basi sogeza maziwa," alisema kwa upole. Ndipo alipomwona Inspekta. "Karibu, mwanangu. Shemeji yangu yuko wapi?"

"Ofisini kwake wanasema amekwenda kwa dada yake."

Mama alikaa juu ya kreti. "Dada gani? Alikuwa naye mmoja, na huyo alifariki mwaka jana. Nilikwenda msibani."

Fundi aligeuka polepole. "Ulikwenda msibani?"

"Nilikwambia nakwenda kwa fundi cherehani."

"Siku tatu?"

"Na ukaamini! Mlikuwa mmenuniana kama watoto, na mtu amefiwa. Nani angempikia? Kila Jumapili nampelekea chakula, kama unataka kujua yote leo."

Fundi alifungua mdomo kujibu, lakini Inspekta alimwahi.

"Mama, una hakika alikuwa na dada mmoja tu?"

"Mmoja tu, na maiti yake niliiosha kwa mikono hii."

Inspekta aliandika mstari mmoja katika kijitabu chake. Ujumbe ule uliandikwa na mtu aliyewahi kumsikia Kipimo akimtaja dada yake, lakini hakumfahamu kiasi cha kujua msiba wake. Kwa hiyo simu ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine tangu jana jioni.

Simu yake mwenyewe iliita. Alikuwa Sajenti, anahema.

"Mkuu, niko kiwanda cha kufulia. Nimepata kofia yake! Imetundikwa kwenye chumba cha boila. Kipimajoto cha ukutani kinasoma arobaini na tano. Arobaini na tano, mkuu! Kuna vijia vya mabomba chini ya sakafu, vinazunguka jengo zima. Nahitaji watu ishirini."

Mama alishika shavu. Fundi alikuwa ameshachukua koti.

"Ngoja," alisema Inspekta. "Sajenti, usiondoke hapo, ila usivunje kitu bado. Nipe dakika tano."

Alikata simu. Watu ishirini walikuwa karibu kituo kizima. Akiwapeleka chini ya sakafu ya kiwanda wangekaa huko hadi mchana, na kama mtu hayumo, mchana utakuwa umechelewa. Alivuta kiti mbele ya namba nyekundu.

"Fundi. Simu yangu nikiongea sana inapata moto sikioni. Kengele je? Ikibonyezwa muda mrefu inajipasha yenyewe?"

"Inajipasha. Si sana. Digrii moja, pengine mbili, kwa sekunde thelathini."

"Kama iko kwenye joto, ikijipasha zaidi, masafa yatakwenda wapi?"

"Yatazidi kushuka. Inateremka kilima." Koti lilimponyoka Fundi mkononi.

"Na kama iko baridini?"

"Itapanda," alisema. "Itapanda kuelekea kileleni. Miaka arobaini, mwanangu. Miaka arobaini nafanya kazi hii, sikuliwaza hilo!"

"Hujawahi kumtafuta mtu kwa fuwele."

Wote watatu walikaa wakitazama mashine. Dakika moja ilipita. Ya pili. Mama alianza kusema kitu kwa midomo bila sauti. Katika dakika ya nne, mlio ulikuja, mwembamba kama wa mbu.

8648.

Fundi alisoma kwa sauti. "Nane sita nne nane. Hamsini na moja. Hamsini na saba." Mlio ulitetereka, ukarudi. "Sitini na sita. Sabini na tano. Themanini na…"

Mlio ulikatika. Safari hii ulidumu sekunde kumi na nane tu.

"Inapanda," alisema Inspekta.

"Yuko baridini," alisema Fundi. "Rafiki yangu yuko baridini tangu jana, na mimi tangu tugombane nawasha mashine asubuhi tu."

Mama alisimama, akamshika mumewe begani, akamfungua vifungo viwili vya shati na kuvifunga upya mahali pake. Kisha alikwenda kwenye friji, akaitoa ile pacha na waya zake pamoja na kipimajoto, akavisogeza kwenye mwanga.

"Digrii nne na kidogo," alisoma. "Mashine inasemaje?"

Fundi aliunganisha waya. "Nane sita hamsini na mbili."

"Ghala la samaki?" Inspekta aliuliza.

"Samaki wanagandishwa. Kule ni chini ya sifuri, digrii kumi na nane. Fuwele ingeshuka hezi elfu mbili. Hapana."

"Mbegu za viazi huhifadhiwa kwenye digrii ngapi?"

Aliyejibu alikuwa Mama, ambaye alikuwa na shamba. "Nne," alisema.

Ghala la mbegu lilikuwa jengo la zamani la matofali, kuta nene zilizojazwa maranda ya mbao, lenye vyumba vitatu vya baridi kwenye ukumbi mmoja mrefu. Nje, malori mawili yalikuwa yakipakiwa magunia, injini zinanguruma. Sajenti alikuwa ameshawasili, baada ya kuambiwa kwa simu kwamba kofia ilisahauliwa tu pale asubuhi ya jana, kwenye kituo cha pili cha mzunguko wa Kipimo. Inspekta alimwonyesha malori kwa kidevu. Sajenti alikwenda akasimama katikati ya geti.

Msimamizi wa ghala alitoka na tabasamu. Alikuwa mwanaume wa makamo, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mtu ambaye hakulala.

"Karibuni. Nilishamjibu askari wenu kwa simu. Mzee alipima, akasaini, akaondoka saa tisa. Fomu hii hapa."

Inspekta aliipokea. Chumba cha kwanza: 4. Chumba cha pili: 4. Chumba cha tatu: 4. Chini kulikuwa na saini. Alimpa Fundi fomu hiyo.

Fundi aliitazama, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nne, nne, nne? Huyu mtu hata umri wake anautaja na miezi. Hajawahi kuandika namba isiyo na nukta. Kwake yeye nne kavu ni tusi."

"Labda alikuwa na haraka," alisema msimamizi.

"Tufungulie vyumba," alisema Inspekta.

"Hakuna shida. Cha tatu kiko wazi, ndicho tunachopakia."

Chumba cha tatu kilikuwa na joto la kawaida. Huhitaji kipimo kulijua. Inspekta aliingia na hakufunga hata kifungo cha koti. Harufu ya kuoza ilimpokea. Alichukua kiazi kutoka gunia lililokuwa wazi, akakibonyeza, dole likazama.

"Hizi ndizo zinapelekwa kwa wakulima?"

"Mashine ya baridi ilisumbua siku mbili tatu. Tumeshairekebisha."

"Na cha kwanza?"

"Cha kwanza funguo zake ziko na mwenzangu. Kesho."

"Jana hakukuwa na shida ya funguo. Kipimo alikiandikia nne."

Msimamizi alitoa kitambaa, akajifuta shingo. Fundi alikuwa ameondoka upande wao. Alipiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi, mbele ya mlango wa chumba cha kwanza, pale mfereji wa maji unapopita kwenye kitundu chini ya ukuta. Alilaza shavu kwenye saruji.

"Kipimo!" aliita. "Kipimo, ni mimi!"

Kisha, kutoka kwenye kitundu, sauti iliyokwaruza kama ya redio mbovu: "Tangu saa moja… umechelewa kwa saa mbili na… dakika arobaini."

Inspekta alinyoosha mkono mbele ya msimamizi, kiganja juu. Alisubiri hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Msimamizi alitazama malori, akamtazama Sajenti getini, kisha akachomoa funguo kutoka mfuko wa ndani wa koti. Pamoja nazo ilitoka simu ndogo isiyokuwa yake.

Kipimo alikuwa amelala ubavu kando ya kitundu, amejifunika magunia matupu saba, mkono umenyooshwa na kidole juu ya kitufe cha kengele. Midomo ilikuwa ya kijivu. Fundi alivua koti, akavua na shati, akamfunika vyote, akajilaza nyuma yake palepale juu ya saruji na kumkumbatia kifua kwa mgongo, kama mtu anayembeba mtoto usingizini.

"Usimsugue," Inspekta alionya. "Ambulansi iko njiani. Mshikilie tu."

"Sina mpango wa kumwachia," alisema Fundi.

Msimamizi alikiri akiwa bado amesimama ukumbini. Mashine ya chumba cha tatu ilikufa wiki mbili zilizopita, naye akaficha, akingoja kipuri ambacho hakikuja. Kipimo alisoma humo digrii kumi na tisa nukta nne, akasema mbegu hizo haziendi shambani kwa mtu. Alipoingia chumba cha kwanza kumalizia kazi, akiwa ameacha simu yake juu ya fomu mezani, mlango ulifungwa nyuma yake.

"Nilitaka malori yaondoke tu," alisema. "Yalikuwa yaje jana saa kumi. Nikasema nitamfungulia saa kumi na moja, nitamwomba radhi. Malori hayakuja. Saa moja jioni nilisimama hapa na funguo mkononi, nikaogopa sura yake."

"Ukaogopa sura yake," Inspekta alirudia huku akiandika. "Saini ya fomu ni ya nani?"

"Yangu."

"Na ujumbe wa dada?"

"Wangu. Alikuwa akimtaja kila akija. Dada alisema hivi, dada alinifundisha vile. Nilidhani yupo."

Sajenti alimfunga pingu. Madereva waliamriwa kushusha magunia, na mmoja wao, aliyekuwa na shamba lake mwenyewe, aliyashusha akilipa kila gunia tusi lake.

Hospitalini, nesi alitoka na ubao wa karatasi mkononi. Mgonjwa alikuwa amepashwa joto kidogo kidogo, alisema. Moyo unapiga vizuri, vidole viwili vya mguu bado wanaviangalia. Angepona. Koridoni Mama alitoa pumzi ndefu, akaanza kuuliza kama wanaruhusu uji kutoka nyumbani.

"Nani wa mgonjwa hapa?" nesi aliuliza. "Anaruhusiwa mmoja, tena awe mtu wake wa karibu."

Fundi alisimama. Alikuwa amevaa koti la Inspekta juu ya fulana, mikono imemfika kwenye viwiko.

"Mzee, wewe ni nani wake?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alitazama dari.

"Ndugu yake," alisema Fundi.

Nesi aliangalia karatasi. "Majina hayafanani. Mmechangia baba au mama?"

"Baba mbalimbali, mama mbalimbali. Andika ndugu."

Nesi aliandika. Alimfungulia pazia, akamsogezea kiti, akamwambia ana dakika kumi na zisizidi hapo. Alasiri, Inspekta alipokuja na Sajenti kuchukua maelezo, alimkuta bado amekaa pale pale, wazee wawili wanabishana kwa kunong'ona, mkono wa mmoja umeshikwa na mwenzake juu ya blanketi. Sajenti alitaka kuingia. Inspekta alimvuta kwa mkono wa shati, akaketi kwenye benchi ya koridoni, akafunga kijitabu.

"Tusubiri wamalize," alisema. "Wana maneno ya miaka miwili."